Mkanda wa Mwisho wa Mama Tulia

Jina lake la kuzaliwa lilikuwepo, lakini nani alikuwa analikumbuka? Miaka thelathini na miwili alisimama nyuma ya kamera katika kichumba chake cha studio, katikati ya duka la vioo na kibanda cha mshonaji, akiwaambia watu neno lile lile. Aliwaambia mabibi harusi, watoto wachanga, hata maofisa wa polisi waliokuja kupiga picha za vitambulisho: "Tulia! Nimesema tulia!" Basi watu wakamwita Mama Tulia, na yeye mwenyewe hakuwahi kutulia hata siku moja. Alikuwa na hasira za karibu, zile za kuwaka sasa hivi na kuzimika kabla chai haijapoa.

Mwaka huo akapatwa na mtoto wa jicho. Jicho la kulia lilianza kuona ukungu, la kushoto likafuata. Daktari akampangia upasuaji baada ya miezi mitatu, akamwambia asiwe na wasiwasi, ataona tena vizuri. Haya, miezi mitatu si miaka, angesubiri. Lakini Jumatatu asubuhi kaka yake mkubwa akapiga simu: Jumamosi anakuja kumchukua mama yao, akakae kwake. Nyumba ina nafasi, mkewe ni muuguzi mstaafu, na kwa kweli ilikuwa zamu yake. Tatizo ni kwamba kwa kaka ni safari ya siku mbili, na mama alikuwa na miaka tisini na nyonga mbovu. Mtu wa namna hiyo hapelekwi na kurudishwa kama sahani ya kuazima.

Mama Tulia akakata simu, akageukia ukuta wa sebuleni. Hakuwa na haja ya kuuona, aliujua kwa moyo. Baba yao na baiskeli yake. Kaka siku ya kuhitimu. Watoto wake wawili, meno yametoka, meno yameng'oka, meno yamerudi. Mumewe kijana, nywele zikiwa bado zipo. Shangazi, binamu, paka. Mama hayupo. Amepiga picha nusu ya mji, halafu mama yake mzazi hayupo! Kinyozi hajinyoi, walisema wahenga, lakini hata kinyozi humnyoa mama yake.

Na sababu ilikuwa moja tu. Mama hakuwa mbele ya kamera kwa kuwa alikuwa kando yake. Studio ile haikuwa na taa za maana, ilikuwa na dirisha. Mwanga wa dirisha hupiga shavu moja, la pili likabaki gizani, na dawa yake ni mtu asimame upande wa pili na shuka jeupe, mwanga ugonge pale urudi usoni. Mshika shuka alikuwa mama. Zaidi ya miaka ishirini alisimama pale, mikono juu, bila kulalamika, mpaka nyonga ilipomkataza. Katika negativu nyingi, zile filamu za kuchapia picha, pembeni kabisa, utaona vidole vinne vya mama vimeshika pindo la shuka. Mama Tulia alivikata vyote wakati wa kuchapa. Mteja hakuja kupigwa picha na vidole vya mtu. Na kila alipomwambia, "Mama, kaa basi nikupige na wewe," jibu lilikuwa, "Kesho, mwanangu. Leo sijajitengeneza."

Simu? Usimtajie simu. Mama akiona simu imeinuliwa alijifunika mtandio, akasema kitu hicho ni cha kuzungumzia.

Ndani ya friji, kwenye kopo la maziwa nyuma ya nyanya, kulikuwa na mkanda mmoja wa filamu nyeusi na nyeupe, picha thelathini na sita. Ulikuwa wa mwisho ulio mzima. Duka lililokuwa linauza mikanda siku hizi linauza makava ya simu. Mama Tulia akaenda chumbani kwa mama yake, akakaa kitandani.

"Mama, leo hakuna kesho. Nataka nikupige picha kabla hujaondoka."

Mama akafikiri. "Nipige. Lakini hapa hapa kwangu, karibu na dirisha. Sitoki nje nikakalishwa kwenye kiti kama mwizi aliyekamatwa. Na ule mwanga wenu wa kulipuka sitaki, unaniumiza."

"Nani anautaka? Unafanya uso wa mtu uwe kama sahani."

Akachukua kamera, akaiweka jichoni. Mama alikuwa fungu la kijivu. Akageuza lenzi atazame namba, namba zilikuwa kama sisimizi walioanguka kwenye maziwa. Akajaribu jicho la pili, akarudi la kwanza. Mwishowe akaishusha kamera mapajani, akalia kwa hasira.

"Sasa unalia nini?" mama akasema. "Si una mume?"

Ndiyo, mume alikuwepo. Mji mzima ulimwita Fundi Cheche, mchomeleaji wa mageti, vitanda na madirisha ya chuma kwa miaka arobaini. Mtu mwema, mkarimu, mkono wa kazi. Ni yeye aliyemchomelea mama mkwe wake chuma cha kushikia pale mlangoni mwa chumba, kimesimama wima kutoka sakafuni mpaka juu, ili mzee akiingia na kutoka asianguke. Lakini pia ni yeye aliyeua stendi ya kamera. Mguu wake mmoja ulipovunjika alisema, "Nipe, dakika tano tu." Stendi ilikuwa ya alumini, yeye akaikabili kama geti. Ilirudi nyumbani na miguu miwili na donge linalong'aa. Kwa hiyo stendi hakuna. Na chumba cha mama kilikuwa na kitanda, kabati, na njia ya mtu mmoja tena apite kiubavu; meza haiingii, stuli haiingii. Atakayepiga picha hiyo atasimama mlangoni, ubavu wake kwenye kile chuma, kamera mkononi. Hakuna ujanja mwingine.

Somo lilianza Jumatatu ile ile jioni, mezani, kamera ikiwa tupu.

"Sikiliza," Mama Tulia alisema. "Kamera ni chumba chenye giza. Picha ni mwanga ulioruhusiwa kuingia. Ukiingia mwingi, picha inaungua, inakuwa nyeupe pe. Ukiingia kidogo, giza totoro. Kazi yako ni kupima. Umeelewa?"

"Kuna nini hapo cha kutoelewa?"

"Mlango wa kwanza ni tundu la lenzi. Ringi hii inalipanua na kulibana. Haya, lipanue mpaka mwisho."

Fundi Cheche akavaa miwani ya kusomea, akazungusha kwa kujiamini. "Tayari. Kumi na sita."

"Kumi na sita umelibana!"

"Kumi na sita si kubwa kuliko mbili?"

"Hapa namba kubwa ni tundu dogo. Mbili ndiyo wazi kabisa."

"Nani aliamua hivyo?"

"Nitajuaje mimi? Mimi ndiye niliyeiunda?"

"Mimi nauliza tu, mama. Usipandishe."

Mama Tulia akavuta pumzi. "Mlango wa pili ni pazia. Ukibofya hapa juu, linafunguka na kujifunga. Kidude hiki kinasema likae wazi muda gani. Weka muda mrefu kuliko ule uliopo."

Kidude kilikuwa kwenye thelathini. Akakizungusha mpaka mia tano.

"Ebo! Hiyo ni sehemu moja ya mia tano ya sekunde! Ukichukua mkate ukaukata vipande mia tano, kipande kimoja kitakuwa kikubwa?"

Fundi Cheche akautafakari mkate. "Nani anakata mkate vipande mia tano?"

Sasa wewe mwambie mtu kama huyo nini? Mama Tulia alieleza tena, akaeleza na kijiko, akaeleza na mlango wa jikoni, akiufungua na kuufunga mpaka bawaba zikalia. Tundu na pazia ni ndugu, akasema: ukibana huku, achia kule. Mumewe akitikisa kichwa, ndiyo, ndiyo, halafu akiulizwa anaweka kumi na sita. Ilikuwa kumpigia mbuzi gitaa. Kufika saa mbili alikuwa amemwita majina matatu ambayo hayafai kuandikwa, na chakula kimepoa.

Jumanne mchana Fundi Cheche akaja nyumbani mbio, nguo za kazi, jasho linamtiririka. Akatoa mfukoni vipande viwili vya kioo cheusi, vile vya kofia ya kuchomelea.

"Mama Tulia! Kumbe ni kama vioo vyangu! Hiki namba tisa, hiki namba kumi na mbili. Kumi na mbili ni kizito, mwanga unapita kidogo. Namba kubwa, mwanga mdogo! Sasa kwa nini hukuniambia tangu jana?"

"Nikuambie vioo vyako mimi navijua?"

"Ungeniuliza!"

Mama Tulia alikasirika, lakini lazima niseme kweli, alifurahi pia. Kuanzia hapo mzee akawa mwanafunzi mwingine. Tundu akalielewa, pazia akalielewa, na namna ya kuzungusha lenzi mpaka macho ya mtu yakae sawasawa akaipata kwa siku moja, maana jicho lake lilizoea kutazama mstari mwembamba wa chuma kilichoyeyuka. Mama Tulia akamtolea stoo mkanda mbovu wa mazoezi, uliopitwa na wakati miaka mingi. Kwa chumba cha mama hesabu aliijua bila kipimo: saa nne asubuhi, dirisha lile, tundu mbili, pazia thelathini. Tundu lisingeweza kupanuka zaidi, na pazia chini ya thelathini mkono wa binadamu hauaminiki. Fundi akapiga nusu ya mkanda nje, uani, kwa mia tano. Nusu akapiga ndani kwa thelathini: mshonaji wa kibanda cha jirani, ambaye ni shoga wa Mama Tulia, amekaa kwenye kochi, saa ya ukutani, birika.

Jumatano Mama Tulia akausafisha mkanda katika stoo aliyoigeuza chumba cha giza, mumewe akimsomea joto la dawa na dakika. Akachapa picha zote, akazipeleka dirishani, akazibandika karibu na jicho na kioo cha kukuzia. Za nje zilikuwa safi. Za ndani zote zimecheza.

"Umetikisa kamera," akasema.

"Sikutikisa. Mkono wangu huu unachora mstari wa mita mbili bila kuyumba. Ni macho yako."

Hapo ndipo ugomvi ulipokuwa ugomvi. Maana angejibu nini? Macho yake kweli yalikuwa mabovu. Ukungu ulikuwa kwenye picha, au ulikuwa kwake? Mtu aliyeishi kwa macho yake miaka thelathini na miwili, leo anaambiwa na mchoma mageti kwamba haoni! Lililomuuma zaidi ni kwamba hakuwa na uhakika. Akachukua picha, akatoka bila viatu, akaenda kwa mshonaji.

"Shoga, wewe unatunga uzi kwenye sindano bila miwani. Niambie kweli. Mimi ndiye sioni au picha ndiyo mbovu?"

Mshonaji akazitazama, moja moja. "Picha ndiyo mbovu, shoga. Hapa nina pua mbili. Birika lina vifuniko viwili. Mungu wangu, huyu mumeo amenizeesha."

"Pua zimekaaje? Ubavu kwa ubavu?"

"Hapana. Moja juu, moja chini. Zote hivyo hivyo. Saa nayo."

Mama Tulia akasimama pale mlangoni na miguu yake mitupu. Mkono unaotetemeka hutetemeka popote, leo kushoto, kesho kulia. Hii ilikuwa juu kwenda chini, juu kwenda chini, picha kumi na nane. Birika halina wazimu wa kuinamainama. Akarudi nyumbani, akamsimamisha mumewe mlangoni mwa chumba cha mama na kamera tupu, akamwambia abofye, akaitazama mikono yake kwa karibu hadi pua ikagusa kidole. Mikono ilikuwa mwamba. Alhamisi akaamka akiwa ameshachoka. Mkanda mzuri ulikuwa mmoja, siku zilibaki mbili, na akiuweka katika hali ile atakuwa na picha thelathini na sita za mama mwenye pua mbili. Akaamua kwenda karakana kumwambia mumewe basi, ameacha, mama aondoke hivyo hivyo.

Njia ya karakana aliijua kwa miguu. Akasimama penye nguzo ambapo mumewe alimwekea sheria zamani: usisogee, usiangalie cheche. Fundi Cheche alikuwa na geti la mteja, na mteja mwenyewe amekaa kwenye tairi anasubiri. Mkono mmoja ulibana chuma, wa pili ulishika fimbo ya kuchomelea, kofia imenyanyuliwa juu ya kipaji. Mikono yote ina kazi; kofia itashushwa na nini? Na kichwa. Akaitikia, ndiyo, kofia ikaanguka usoni, kwa! Mama Tulia akageuza uso, mwanga ukawaka ukutani. Ukazimika. Akapandisha kofia, akasogea, akaitikia tena, kwa! Mwanga.

Mama Tulia hakuhitaji macho mazuri kuliona lile. Lilikuwa jitu zima jeusi linaloinamisha kichwa kila linapotaka kuanza kazi.

"Fundi!" akapiga kelele. "Zima hiyo! Vua kofia. Shika mkoba wangu hivi, kama kamera. Weka jichoni. Bofya!"

"Mama, nina mteja..."

"Bofya!"

Akabofya mkoba.

"Umeitikia!"

"Nimeitikia nini?"

"Kwa kichwa! Unaitikia kwa kichwa kabla hujabofya! Unashusha kofia, wewe mwanamume, kofia ambayo hujaivaa!"

"Mimi? Acha mambo yako."

"Mzee," mteja akasema kutoka kwenye tairi, "samahani, lakini umeitikia."

Fundi Cheche akawatazama wote wawili. Akainua mkoba, akabofya tena, na safari hii alijihisi mwenyewe. Akaushusha taratibu. Nje, kwa mia tano, pazia lilikuwa linafunga kabla kichwa hakijafika mbali. Ndani, kwa thelathini, lilimsubiri mpaka aitikie vizuri.

"Miaka arobaini," akasema. "Wenzangu tulioanza nao, wawili hawaoni tena. Hiki kichwa ndicho kilichoyalinda macho yangu."

Mama Tulia alimwonea huruma, akajionea huruma na yeye, akachukua mkoba wake.

"Jioni tutafanya mazoezi," akasema.

Mazoezi! Jioni ile alimwekea kikombe cha plastiki juu ya kichwa. Bofya, kikombe chini. Bofya, chini. Mara ishirini, ishirini zote. Akijizuia asiitikie anasahau kubofya. Akikumbuka kubofya, kichwa hicho kimeshakwenda. Samaki mkunje angali mbichi. Huyu alikauka zamani na akapakiwa kwenye gunia. Kufika kulala walikuwa hawasemeshani, na kikombe kimepasuka.

Ijumaa saa nne asubuhi wakaingia. Mama alikuwa amejitengeneza tangu alfajiri, gauni la bluu, mtandio mweupe, mikono mapajani. Kaka alikuwa njiani tayari. Mama Tulia akauweka mkanda wa mwisho ndani ya kamera kwa vidole, hilo halikuhitaji macho, akamkabidhi mumewe. Yeye akapenya kiubavu mpaka upande wa pili wa kitanda, akainua shuka jeupe, mikono juu. Mahali pa mama.

"Tundu?"

"Mbili."

"Pazia?"

"Thelathini."

"Macho ya mama umeyapata?"

"Nimeyapata."

"Usiitikie."

"Siitikii."

Akaitikia, akabofya.

"Tena! Usiitikie!"

Akaitikia, akabofya. Tatu. Nne. Tano. Kwenye ya sita mama akasema kwa upole, "Mkwe wangu, salamu nimeshazipokea. Inatosha."

Mama Tulia akatupa shuka kitandani. "Jamani, mtu huyu ataniua! Picha sita! Sita zimekwenda na maji!" Akapenya kurudi mlangoni, akijigonga kabatini, akavua mtandio wake kichwani.

"Unafanya nini?" mumewe akauliza.

"Nyamaza. Simama wima. Sogeza kichwa kwenye chuma hiki."

"Mama Tulia, sisi ni watu wazima..."

"Nimesema sogeza!"

Akauzungusha mtandio kwenye kipaji chake na kwenye chuma cha kushikia, chuma alichokichomelea mwenyewe, mara moja, mara mbili, akakaza fundo kwa nyuma kama anafunga mzigo. Miwani ikakaa upande. Kichwa cha Fundi Cheche kilikuwa kimefungwa kwenye mlango wa mama mkwe wake, na masikio yote nje.

"Umenibana."

"Ndiyo maana yake. Jaribu kuitikia."

Kichwa kikajaribu. Mtandio ukakataa.

Mama akaanza kucheka. Ilianza tumboni, mabega yakafuata, mkono mmoja ukaenda mdomoni kuficha pengo halafu ukakata tamaa, ukashuka. "Mwanangu," akasema, machozi yanamtoka, "miaka yote hii namtafutia mkwe wangu dawa ya utundu, kumbe dawa ni kamba!"

"Mama, tulia!" Mama Tulia alikuwa tayari amerudi na shuka lake juu. "Na wewe, unasubiri nini? Bofya! Akituliza uso bofya, akicheka bofya, usiache hata moja!"

Akabofya thelathini. Kila mara kichwa kilijaribu, na kila mara kilikataliwa. Mkanda ulipoisha walimsahau pale, mpaka akaomba afunguliwe.

Mchana ule ule wakasafisha, wakachapa. Fundi Cheche alisoma dakika bila kukosea hata moja. Picha ya kwanza ilipokauka, Mama Tulia hakuitazama. Aliogopa, basi. Akaibeba moja kwa moja mpaka kibandani, akaiweka mbele ya mshonaji juu ya kitambaa.

"Pua ngapi?"

Mshonaji akaiinua kwenye mwanga. "Moja," akasema. "Shoga, naona kope. Naweza kuzihesabu. Anacheka, mkono uko hapa kidevuni, na mwanga umemjaa uso mzima, pande zote mbili."

Mama Tulia akashika ukingo wa cherehani.

"Ila pembeni huku kuna vidole vimeshika nguo. Nina mkasi hapa. Nikukatie?"

"Vingapi?"

"Vinne."

"Acha," Mama Tulia akasema. "Weka mkasi chini."

Jumamosi kaka akafika, akala, akapakia sanduku na godoro dogo. Mama aliketishwa kiti cha mbele, mto chini ya nyonga. Mama Tulia akampa picha kupitia dirishani. Mama akaisogeza mbali, akaisogeza karibu, akajitazama. Halafu kidole chake kikaenda ukingoni mwa picha, kikakaa pale.

"Hivi vya nani?"

"Vyangu, mama."

"Mbona hukuvikata?" mama akauliza. "Vyangu ulikuwa unavikata."

Alisema bila ubaya wowote, kama mtu anayeulizia chumvi. Miaka yote ile Mama Tulia alidhani mama hakujua. "Nisamehe, mama," akasema.

"Nikusamehe nini? Walikuja kutafuta sura zao, si mikono yangu." Akaitia picha ndani ya mkoba, akaufunga. "Hata hivyo, nilikuwa nikiviangalia kwenye negativu kabla hujavikata. Nilikuwa naona kwamba hata mimi nimo, basi."

Gari likaondoka. Mama Tulia alipunga mkono mpaka gari likawa ukungu, na kwa macho yake hiyo ilikuwa mapema sana, akaendelea kupunga. Halafu akaingia ndani. Fundi Cheche alisikia masanduku yakiburutwa stoo, moja, la pili, mengine. Alipofika mlangoni alimkuta mkewe amekaa sakafuni, amezungukwa na negativu za miaka thelathini na miwili.

"Vaa miwani," akamwambia. "Tutafuta zote zenye vidole. Nazichapa upya, nzima, na zile za ukutani zote nitazibandua, hizi zikae."

"Ziko masanduku mangapi?"

"Kumi na moja."

"Tuanze leo?"

"Leo, sasa hivi, na usisimame hapo mlangoni kama bado umefungwa!"

Fundi Cheche akaitikia kwa kichwa, akaenda kutafuta miwani.